Kola Haina Kosa

Nyumba ya Walinzi wa Zamani,
Chini ya Ukuta wa Bwawa,
S.L.P. 88.

Jumapili, tarehe 17, mwezi wa tano.

Mdogo wangu mpendwa, Kijiti,

Hujambo? Wifi yangu hajambo? Watoto je? Na mgongo wako umepoa, au bado unaamka asubuhi umejikunja vilevile ulivyolala? Usinijibu "mzima tu" kama kawaida yako. Nataka kujua umekwenda kwa daktari au hukwenda. Presha ya wifi aniandikie mwenyewe imeshuka kiasi gani, maana wewe ukiulizwa habari za mgonjwa unajibu kama karani anayetaka kufunga dirisha.

Sisi huku wazima. Mama macho yamepungua nguvu lakini ulimi uko palepale. Kutwa anagombana na redio. Msomaji wa habari akikosea kutamka jina la mtu, Mama anamsahihisha kwa sauti, halafu anangoja ajibiwe. Shemeji yako hajambo, ananenepa. Mpwa wako hajambo, hanenepi, na wala haolewi, usiulize. Mimi goti la kulia linalalamika nikipanda ngazi za ukuta, na sikio la kushoto linaziba mvua ikinyesha. Hayo ndiyo magonjwa yangu yote. Nimeyataja mpaka la mwisho ili usije ukaniongezea mengine kwenye barua unazowaandikia watu wengine. Subiri, utanielewa.

Picha yenu tumeipokea na tumeiweka juu ya kabati. Wallahi sikukutambua mara moja. Tulimpeleka huko Kijiti, tumerudishiwa picha ya gogo! Wifi anakulisha vizuri, mpe hongera.

Kifurushi nacho kimefika, hakikufunguliwa njiani. Jaketi la kupigia mbizi ni zuri, sitaki kusema uongo. Jeusi, kingo za buluu, vifungo vya kubana kila mahali, na kitufe cha kujaza hewa kutoka mtungini bila kupuliza. Nimehesabu mifuko sita. Mifuko sita, Kijiti! Mimi ninashuka majini kukwangua uchafu kwenye chujio la bwawa, siendi sokoni. Shemeji yako alilijaribu, akasimama mbele ya kioo, akatoka nalo sebuleni kifua mbele kama anayekwenda kuposa. Mama alilipapasa akauliza kama ni godoro la mtoto.

Asante sana. Najua umejinyima kulinunua, na najua kwa nini umelinunua. Sasa nisikilize vizuri: sitalivaa.

Ungekuwa umetuma zawadi peke yake, ningekujibu kwa mistari mitatu tukacheka yakaisha. Lakini hukutuma zawadi peke yake. Ulituma na barua kwa ofisi ya maji. Ulidhani sitaijua? Mkaguzi wa usalama alikuja nayo mpaka karakanani, akaiweka juu ya benchi, na kabla sijasoma neno nilishatambua mwandiko wako, zile herufi zinazolalia upande kama zimechoka. Umenichongea, Kijiti! Mtoto niliyekubeba mgongoni! Umewaandikia kwamba dada yako anapiga mbizi na kola zilizopitwa na wakati, kwamba kola hizo nusura zikuue ukiwa na miaka kumi na saba, na kwamba unawaomba wazichukue wazichome moto kabla dada yako hajafia ndani yake.

Nilisoma nikaona moto. Nikasoma tena nikaona machozi yananitoka, nikamwambia mkaguzi ni gundi ya mpira, inachoma macho.

Nitayaeleza haya kirefu kidogo kwa ajili ya watoto wako, maana najua wanasoma kila barua inayoingia humo ndani. Wanangu, kola ni jaketi la kuelea la zamani. Ni mfuko wa mpira uliovikwa turubai, una tundu la kupitisha kichwa, unakaa shingoni na kushuka kifuani kama kitambaa anachofungwa mtoto anayelishwa. Una mrija wa mikunjo wa kupulizia kwa mdomo. Chini una kichupa cha gesi. Ukivuta kamba yake kola inajaa ghafla, lakini hiyo ni ya siku ya shida. Na una mkanda mwembamba unaopita katikati ya mapaja, ili kola ikijaa isikupande masikioni. Sisi tunauita kamba ya chini. Zetu ziko tatu. Zilikuwa za rangi ya chungwa, sasa zimekuwa za rangi ya tofali kuukuu. Babu yenu alizivaa, baba yenu alizivaa, mimi ninazivaa mwaka wa thelathini na tano huu.

Na sizivai ovyo. Kijiti, wewe unakumbuka. Kazi ikiisha kola inasuuzwa ndani kwa maji safi, inapinduliwa, inakamuliwa. Kisha anayeivaa anaipuliza kwa pumzi yake mwenyewe, anailaza kwenye benchi, juu yake ubao, juu ya ubao tofali, na ukutani anapiga alama ya chaki pale tofali lilipofikia. Asubuhi tofali likiwa limeshuka chini ya chaki hata upana wa kucha, kola haiingii majini. Ukuta wa karakana sasa ni alama tupu kutoka benchi mpaka dirishani. Mpwa wako alitaka kuupaka rangi, nikamwambia athubutu aone.

Mkaguzi mwenyewe si mtu mbaya. Ni mtu wa makamo, mpole, shati limepigwa pasi, kalamu tatu mfukoni. Mpwa wako amembatiza Bwana Kalamu. Alisimamisha kazi palepale. Hakuna kuingia majini na kola mpaka aamue moja kati ya mawili: zibaki au zichomwe. Nilimuuliza kama anajua anazungumza na nani. Akasema ndiyo, jina liko kwenye fomu.

Alikuwa na hoja, na hoja nyingine sikuweza kumbishia. Vipuri havitengenezwi tena. Mpira una umri wa kuwa mzazi. Kupuliza kwa mdomo kunakulazimu utoe kipumulio kinywani ukiwa ndani ya maji, na mtu aliyechanganyikiwa hawezi. Yote kweli. Mimi nikambishia kwa jambo moja tu, uso. Kola inabeba hewa kifuani na shingoni. Ukizimia, inakugeuza chali, uso juu, hata kama huna habari kama uko duniani. Nikamwambia asiniamini, aje aone.

Basi Jumanne iliyopita tulikuwa kwenye ngazi za mnara wa maji saa mbili asubuhi. Mpwa wako ndiye aliyezimia, yaani alijilegeza, na kwa kulegea mtoto yule ana kipaji, ungemwona anavyooshaga vyombo. Kwanza jaketi lako. Lilimwinua vizuri, lakini hewa ikakaa mgongoni na ubavuni, na alipojilegeza likamwinamisha mbele, pua majini. Mara nne alijaribu, mara tatu pua majini. Akavaa kola. Mara nne, mara zote nne akageuka chali, anatazama mawingu. Nikamtazama Bwana Kalamu kwa jicho la nilikwambia.

Akaandika. Kisha akaandika na kwamba jaketi lako lilijaa kwa kubonyeza mara moja, na kola ilihitaji pumzi kumi na moja. Nikachachamaa. Shemeji yako aliyekuwa ameshika kamba akaninong'oneza nitulie, mtu akiandika la kwako lazima aandike na la mwenzako. Nikamwambia yeye ashike kamba.

Nilijua nimeshinda. Ndipo Bwana Kalamu akatoa kwenye mkoba daftari la zamani la bwawa.

Hukuwahi kuliona daftari lile, wala mimi sikujua kama bado lipo. Mwandiko ni wa msimamizi wa wakati ule, marehemu sasa. Mstari mmoja tu. Tarehe, halafu: Ajali kwenye chujio, mtoto wa mpiga mbizi, ameokolewa. Chanzo: hofu.

Hofu! Miaka thelathini na moja neno lile limekaa kabatini likikungoja. Bwana Kalamu akaweka barua yako pembeni ya daftari. Daftari linasema ulishikwa na hofu. Wewe unasema ni kola. Akasema hawezi kuruhusu vifaa vyenye ajali yenye vyanzo viwili. Lazima kimoja kiandikwe, kitiwe sahihi na shahidi aliyekuwapo, na Baba hayupo, msimamizi hayupo, nimebaki mimi. Akanipa fomu. Mwisho Ijumaa. Alipokuwa anafunga mkoba akauliza, kama mtu anayeuliza saa, siku ile nani alikufunga.

Nikasema ni mimi.

Akauliza kama nilikufunga sawasawa. Nikamwambia nitamjibu kwenye karatasi.

Kijiti, kaa chini sasa. Kama watoto wanasoma begani kwako, waache wasome.

Unaikumbuka amri ya Baba. Mtu hajifungi mwenyewe. Anafungwa na mwenzake, na anayefunga anatamka kwa sauti, Kola kwanza, mkanda mwisho, na anayefungwa anajibu, Nimesikia. Kwa sababu mkanda wa uzito, wenye yale mapande ya risasi ya kukuzamisha, lazima uwe juu ya kila kitu. Siku ya shida unafyatua kifungo, mkanda unaanguka, unapanda. Ukiwa chini ya kamba ya kola, ile ya mapajani, unafyatua lakini hauanguki. Tulilijua hilo kabla hatujajua kusoma.

Mwaka ule wewe ulikuwa mwembamba, hata jina lako halikutosha. Mkanda ulikuwa haukai kiunoni. Wiki mbili mfululizo ulikuwa unakuteleza, unapanda ngazi umeushika kwa mikono miwili kama suruali, na wafanyakazi wa mnara wanakucheka. Ulikuwa unacheka nao, lakini mimi nilikuwa nakuona masikio yanavyokuwa mekundu. Asubuhi ile walikuwa wamejaa pale juu kwenye kingo za mnara, wanangoja kukucheka tena. Nikaona aibu kwa ajili yako. Nikapata akili. Loo, akili gani ile! Nikakufunga mkanda kwanza, halafu nikapitisha kamba ya kola juu yake, mbele na nyuma, nikaibana. Mkanda ukatulia kama umeshonwa. Na mdomo wangu, Kijiti, mdomo wangu huuhuu, ukatamka, Kola kwanza, mkanda mwisho. Ukajibu, Nimesikia. Ulikuwa unawatazama wale wa juu, hukutazama chini. Kwa nini utazame? Ni dada yako amekufunga.

Nilijiambia ni kwa siku moja. Nilijiambia maji ni mita nane tu, na Baba ameshika kamba.

Ukiwa chini kwenye chujio, hewa ikakata. Ukafyatua mkanda. Ukafyatua kweli! Mkanda haukuanguka, ukaning'inia kwenye kamba ya kola katikati ya miguu yako, pande moja la risasi likanasa kwenye vyuma vya chujio. Baba anavuta kamba kutoka juu, na wewe umefungwa kutoka chini. Ndipo ulipovuta kichupa cha gesi. Kola ikajaa, ikakung'oa pale. Ulipotokea juu hukuwa na fahamu, lakini uso wako ulikuwa juu, Kijiti. Umelala chali. Kola ilikushika kidevu mpaka mimi nikafika.

Mimi ndiye niliyejitupa majini wa kwanza, hilo wanalisimulia mpaka leo. Wasilolijua ni kwamba jambo la kwanza nililofanya si kukutazama kama unapumua. Nilipitisha mkono chini ya maji nikafungua kamba ya kola. Mkanda ukazama. Halafu ndiyo nikaanza kukuvuta.

Baba alipouliza nani ameufungua mkanda, nilijibu, Mimi.

Neno moja tu hilo, basi. Baba akapiga hesabu yake: kama dada ndiye aliyeufungua huku juu, basi kule chini mwenyewe hakuufungua. Ameganda kwa woga. Wewe ulipozinduka ukasema uliufungua ukagoma, Baba akakwambia mkanda haugomi, mtu ndiye anayegoma. Ukaapa. Akakwambia usiape. Nami nilisimama pale nimejifunga shuka, wananipigapiga begani, wananiita shujaa, nimekaa kimya kama maji mtungini. Msimamizi akaandika hofu. Jioni ile Mama alinipa mimi kitanda kizuri.

Mwaka uliofuata wewe ukaondoka. Wewe na Baba hamkuwahi tena kuongea zaidi ya salamu. Ulipokuja kumzika ulisimama nyuma ya watu wote. Nilikuona. Nilitaka kuja kukwambia, nikajiambia si siku yake. Nimejiambia hivyo mwaka baada ya mwaka, na kila mwaka ukapata sababu yake.

Na wewe kwa kuwa ulijua hukuogopa, na uliamini dada yako hawezi kukufunga vibaya, ukatafuta wa kulaumu ukaiona kola. Hukuwa na mwingine wa kumlaumu. Sikukupa.

Sasa nikueleze nilivyokaa na ile fomu siku tatu. Jumatano niliosha karakana yote, hata chini ya kompresa. Alhamisi nilitengeneza mlango ambao haukuwa mbovu. Nilijua njia rahisi iko wapi. Ningeandika: Chanzo, kola. Wewe ungefurahi kwamba hatimaye umeaminiwa. Ofisi ingefurahi. Kola zingechomwa na hazina mdomo wa kujitetea. Mimi ningevaa jaketi lako lenye mifuko sita na kuitwa shujaa mpaka naingia kaburini. Hakuna ambaye angeumia.

Nikasema hapana. Thubutu! Wataichoma kola kwa kosa langu? Kifaa kilichokubeba ukiwa kama maiti, kikashika uso wako usizame wakati dada yako anaficha ushahidi chini ya maji? Nimewahi kuwa mwongo, lakini sijafika huko. Na neno hofu nalo lisibaki hata saa moja zaidi.

Ijumaa asubuhi nilimweleza Mama kwanza. Nilimweleza yote, nimesimama, kama mtoto aliyeitwa na mwalimu. Mama akanyoosha mkono akazima redio. Katika maisha yangu sijawahi kumwona akiizima kabla ya taarifa ya habari. Kisha akaniuliza jambo moja tu: Yeye umeshamwambia?

Sikuwa nimekwambia. Kwa hiyo ukiona nimekatakata maneno kwenye karatasi hii, ni Mama amekaa kiti cha pili, anasikiliza kalamu inavyokwangua, na kila nikisimama anauliza nimefika wapi.

Nilipanda ngazi mia na ishirini za ofisi na goti langu hili, nikampa Bwana Kalamu fomu mkononi. Kwenye chanzo nilikata neno hofu lililonakiliwa kutoka daftarini, sikuandika kola. Niliandika hivi: Dada yake alimfunga mkanda chini ya kamba ya kola. Kijana aliufungua kama alivyofundishwa. Hakuogopa. Kola haina kosa. Nikatia sahihi, na kwa vile mstari ulikuwa mdogo nikaendelea pembeni.

Alisoma mara mbili. Akaniuliza kama naelewa kitakachofuata. Nikamwambia mimi ni mtu mzima, aandike.

Kimefuata hiki. Jana tumeletewa uamuzi. Kola zote tatu zimeruhusiwa, kwa kazi ya chujio tu, si zaidi ya mita tisa, vichupa vya gesi vibadilishwe vyote, na kulaza kola kuendelee kila siku na daftari liandikwe, si chaki peke yake. Mpwa wako amesema alama za chaki zitabaki, nimefurahi. Na mimi nimenyang'anywa kibali cha usimamizi. Naruhusiwa kupiga mbizi, siruhusiwi kumsimamia mtu wala kumfunga mtu yeyote. Msimamizi sasa ni mpwa wako. Jana ileile ameanza kuniamrisha, tena kwa sauti ya Baba, sijui kaitoa wapi. Nimemwambia asinipandishie, akaniambia niandike malalamiko.

Iliniuma, sitaki kujifanya. Mikono hii imefunga watu miaka thelathini na tano na baada ya siku ile haikumfunga hata mmoja vibaya. Lakini wamenihukumu kwa haki, na sikukata rufaa. Ila nasema wazi kwako na kwa yeyote atakayeuliza: kesho saa mbili asubuhi nashuka kwenye chujio, na nashuka nimevaa kola. Iko benchini sasa hivi ninavyoandika, imelala na tofali lake. Uandike tena ofisini ukitaka. Anwani unayo.

Jaketi lako ninalirudisha kwa posta ya Jumanne. Mifuko yake hatimaye imepata kazi: katika wa kushoto, wa juu, wenye zipu, nimeweka nakala ya ile fomu ikiwa na muhuri wa ofisi. Siyo ya kusoma ukaitupa. Iweke mahali watoto wako wataiona wakiwa wakubwa. Na kama una picha ya Baba humo ndani, iweke karibu yake, na yeye aisome.

Sikuombi unisamehe kwa barua, hiyo itakuwa rahisi mno kwangu. Kasirika kwanza. Una miaka thelathini na moja ya hasira uliyoipeleka mahali pasipo pake, ilete kwa mwenyewe. Nitukane kwa karatasi au kwa simu, nitapokea, sitakata. Ukinyamaza ndiyo utaniua, si kola.

Nisalimie wifi yangu sana, mwambie chumvi asiifiche tu, aiondoe kabisa mezani. Nisalimie watoto mmoja mmoja, yule mkubwa mwenye miwani, mapacha, na yule wa mwisho mnayemwita Bosi. Waambie shangazi yao aliwahi kufanya kosa kubwa na baba yao hakuwahi kuwa mwoga. Waambie kwa mpangilio huohuo. Shemeji yako anakusalimu, anasema wewe hukuwa na ubavu wa kuishi na mimi ukakimbia, yeye amebaki. Mpwa wako anakusalimu na anauliza kama anaweza kubaki na jaketi. Nimemwambia anunue la kwake. Mama hana salamu. Ameniambia nikuandikie kwamba anakungoja.

Mungu akulinde, akuwekee mgongo, na akujalie pumzi ya kutosha kwa haya niliyokumwagia.

Na ukija, njoo na nguo za kuingia majini. Mimi siruhusiwi kukufunga, na hata ningeruhusiwa una haki ya kukataa. Lakini hakuna karatasi iliyokukataza wewe kunifunga mimi. Kola yako ya zamani nitaivaa mimi. Nitasimama kwenye ngazi mbele ya wote, nitanyanyua mikono, sitatazama chini. Wewe utatamka maneno ya Baba, nami nitajibu, Nimesikia.

Ni mimi, nikupendaye hata ukinichongea,
Dada yako mkubwa.